Dirisha Lililogongwa Wakati wa Mgomo

Mally Haworth ndiye aliyeniletea habari. Alikuja kabla sijawasha moto, shali kichwani, akasimama mlangoni pangu bila kuingia. Hapo hapo nikajua kuna jambo. Mally siku zote huingia bila hodi, huvuta kigoda, hufunua sufuria yangu kuona nimepika nini.

"Tabitha," akasema, "leo alfajiri Bi Dorcas kagonga dirisha lako."

Nikamkazia macho midomoni. Masikio yangu yalikufa zamani. Mashine za kufuma ziliyamaliza, kama zilivyoyamaliza ya kila mwanamke wa mtaa huu aliyeingia kiwandani msichana akatoka mama wa watu. Sisi tunasikia kwa macho. Mule ndani, katika kelele zile, tunaongea midomo mitupu kutoka ukuta hadi ukuta, tunatukanana, tunacheka, tunasemana, na msimamizi haambulii kitu.

"Dirisha langu mimi? Shoga, umeota."

"Mimi sijasikia, lakini Silas mume wangu kasikia. Na mzee Ezra wa ng'ambo kasikia. Wamechungulia wote wawili wakamwona Dorcas na ufito wake, anakwaruza kioo chenu, cha nyumba ya Kershaw."

"Labda kakosea nyumba."

"Dorcas?" Mally akaangua kicheko kisicho na furaha. "Dorcas akosee nyumba? Ehe. Na Jabez wako yuko wapi saa hizi?"

Jabez hakuwepo. Nilipoamka upande wake wa kitanda ulikuwa umeshapoa.

Ninyi wengine mtaniuliza, dirisha kugongwa ni kosa gani? Haya, sikilizeni. Bi Dorcas Ogden kazi yake ilikuwa kuamsha watu. Alikuwa mfumaji kama mimi hadi macho yalipoanza kumsumbua, ndipo akashika ufito mrefu wenye nyaya nchani, akawa anapita gizani mvua isimame au inyeshe, akikwaruza madirisha ya juu ili watu wasichelewe wakafungiwa geti. Kiziwi anaamsha viziwi, ndivyo tulivyomtania. Jabez husikia, ndiye huamka akanitikisa. Lakini wakati ule tulikuwa kwenye mgomo. Tajiri alikuwa amepunguza ujira kwa mara ya pili, tukazima mashine, tukatoka, tukala kiapo mtaa mzima kwamba hapandi mtu ngazi za kiwanda mpaka ujira urudi. Nani basi anaamshwa alfajiri katika mji usiokwenda kazini? Ni yule anayekwenda kwa mlango wa nyuma. Hakuna mwingine.

Na msaliti kwetu haonywi mara mbili. Anapandishwa boriti. Wanaume wanakukalisha juu ya boriti, wanakubeba mabegani mji mzima, wanawake nyuma wanapiga sufuria na vifuniko, kisha unatupwa mferejini. Lomax wa chumba cha kuchambua pamba alitupwa kabla ya Krismasi akavunjika nyonga. Mkewe hakuuziwa mkate duka lolote. Kabla wiki haijaisha walikuwa wamehama, yeye amelazwa kwenye mkokoteni, na mimi, sitaficha, nilikuwa dirishani nikiwaangalia wakienda na nikaona sawa tu.

Sasa boriti ilikuwa inatazama mlango wangu.

Jabez akarudi jua limeshainama, amelowa mpaka magotini, mfuko mdogo wa unga wa shayiri kwapani. Akauweka mezani, akakaa, akaingiza mikono chini ya meza.

"Umetoka wapi?"

"Matembezini."

"Matembezi gani yanaleta unga?"

"Binamu Seth kanipa."

Wallahi nilicheka. Seth Kershaw! Mtu yule akikupa salamu anakuangalia kwa nyuma usije ukaondoka nayo. Nikamwambia, "Dirisha letu limegongwa leo, Jabez. Mtaa mzima umesikia isipokuwa mimi."

Akainua uso. Alishtuka kweli, au alijua kushtuka. Miaka yote ile ya ndoa sikuwahi kujiuliza swali la namna hiyo juu ya uso wa mume wangu.

"Sikusikia kugongwa," akasema. "Nilikuwa nimeshaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Nimekwambia. Matembezini." Akainuka, mikono mifukoni, akatoka uani.

Kesho yake dirisha likagongwa tena. Nilikuwa nimeazimia kukesha, lakini usingizi wa njaa ni mzito, na nilipofumbua macho kitanda kilikuwa kitupu na Mally alikuwa tena mlangoni, safari hii na wenzake wawili. Nikawauliza swali moja tu.

"Alingoja?"

"Nani?"

"Dorcas. Alingoja mtu ajitokeze dirishani?"

Wakatazamana. Dorcas hana desturi ya kuondoka mpaka aone mkono wako kwenye kioo. Anaweza kukukwaruzia hadi utamani kumtupia ndoo ya maji. Hiyo ndiyo sifa yake, ndiyo sababu watu walimwamini.

"Silas anasema aligonga akaenda zake," akajibu Mally. "Kwa nini angoje, kama Jabez alikuwa kishavaa viatu?"

Kila jibu lilikuwepo. Mtu akishashukiwa hakosi jibu la kumfunga.

Kuanzia hapo wanawake wakaanza kunigeuzia migongo. Katika mji mwingine ungesema wamenuna. Kwetu mgongo maana yake ni maneno. Ukitaka kumsema mtu asione midomo yako, unageuka, au unainua aproni kana kwamba unafuta pua. Nilipofika kwenye pampu ya maji ya mtaa na ndoo yangu, aproni zikapanda zote pamoja.

"Mna mafua mtaa mzima?" nikawauliza. "Semeni basi! Semeni mbele yangu!"

Hakuna aliyeshusha aproni. Nikajaza ndoo nikaondoka nimejaa hasira na woga. Woga ulikuwa mwingi zaidi.

Jioni ile Silas Haworth mwenyewe akamsimamisha Jabez hapo hapo pampuni, watu wamezunguka. Silas ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati, jitu la watu, mabega yake mapana, na ndiye aliyemsimamia Jabez siku tuliyooana.

"Ndugu yangu," Silas akasema, "sikuiti msaliti. Nakuuliza tu. Alfajiri unakwenda wapi?"

"Ninakokwenda ni kwangu."

"Si kwako peke yako wakati huu. Tumekula kiapo."

"Kiapo changu sijakivunja."

"Basi sema."

Jabez akatazama chini, mikono mifukoni. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake, nikamvuta mkono wa koti. "Mume wangu, sema, kwani kuna nini? Sema tuende nyumbani." Akajinasua. Mzee Ezra akatema mate.

"Mpaka Jumamosi," Silas akasema, na aliposema hivyo hakuniangalia. "Jumamosi usiposema, sitaweza kuwazuia. Na sitajaribu."

Hapo mnataka niwaambie kwamba mimi mkewe niliamini. Sikuamini! Nimelala na mtu yule, nimemzalia watoto watatu na nimezika wawili naye, nami nikawa nasema moyoni: tunaye Betsy mmoja aliyebaki, anakohoa, njaa inamla, na Jabez ni mtu wa kumwonea huruma mtoto kuliko kiapo. Angeweza. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba nilimjua vya kutosha kujua kwamba angeweza. Na hata kama angefanya kwa ajili ya Betsy, nani angetuuzia mkate baadaye? Betsy angelazwa mkokotenini kama Lomax.

Ndipo nikafikiria nyayo zake.

Jabez ni msokotaji wa nyuzi, na wasokotaji hufanya kazi miguu mitupu. Sakafu yao inakunywa mafuta ya mashine mchana kutwa, na mwenye kiatu anateleza. Mafuta yale huingia katika ngozi ya nyayo, yakawa meusi yasiyotoka kwa sabuni wala mchanga. Hutoka yenyewe taratibu, mtu akikaa muda mrefu nje ya kiwanda. Za Jabez zilikuwa zimeanza kutakata tangu mgomo uanze, na nilikuwa nikimtania kwamba sasa ana miguu ya bwana mkubwa. Mafuta mapya yangeonekana.

Jioni ya Alhamisi alisinzia kitini mbele ya moto. Kila jioni mimi ndiye humvua viatu. Si kwamba ananituma, ni desturi yetu tangu tulipooana, tulipokuwa hatuna kingine cha kupeana. Nikapiga magoti. Nikavua viatu vyake vya mbao, nikavua soksi. Kisha nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya: nikachukua mshumaa nikausogeza karibu, nikachukua kitambaa cheupe nikakisugua kwenye unyayo wake, nikakinusa.

Hapakuwa na mafuta. Lakini katikati ya vidole, na kwenye mshono wa soksi, kulikuwa na kitu cheupe kilicholowa, kimegandana kama uji. Nikakisugua kwa kidole gumba. Katika mji wetu kitu cheupe ni pamba. Hatujui cheupe kingine. Vumbi la pamba linaingia kila mahali, puani, kwenye mkate, kwenye nywele za watoto. Nikapiga magoti pale nikiwa nimeshika mguu wa mume wangu, nikasema kimoyomoyo, basi, ni yeye. Yuko kwenye chumba cha kuchambua, amejificha huko juu ambako hakuna mafuta. Ni yeye kweli.

Nikamvisha soksi tena. Alikuwa anapumua polepole, kichwa kimeangukia bega.

Ijumaa nikaenda kufua mferejini, upande wetu. Ng'ambo ya maji kuna ukuta wa kiwanda na geti dogo la makaa. Nilikuwa nimeinama nakamua shuka, nafsi yangu imekufa, nikaona geti linafunguliwa. Akatoka Pilling, msimamizi, amevaa kofia yake ya kung'aa. Nyuma yake akatoka Bi Dorcas.

Sasa Pilling ni mjanja, simnyimi sifa yake. Aliangalia huku na huku, akaona hakuna mtu wa kumsikia isipokuwa mwanamke mmoja kiziwi mbali huko ng'ambo, na maji na moshi katikati. Lakini Dorcas naye ni kiziwi. Kuzungumza naye lazima umwelekee usoni na ufungue midomo vizuri, neno moja moja, kama tunavyofanya sisi wenyewe kiwandani. Na Pilling akafanya hivyo, mtu wa Mungu, ameelekea kwangu kabisa.

"Kershaw basi," akasema. "Kershaw ameiva. Kesho gonga kwa Haworth."

Dorcas akauliza kitu. Yeye alinipa mgongo.

"Haworth, nimesema. Mkubwa wao. Gonga uende zako. Na ukifunga mdomo, makaa utapata mpaka masika."

Akampa kitu kilichofungwa katika karatasi, umbo la mkate. Dorcas akakiingiza ndani ya shali. Shuka ikanitoka mkononi ikachukuliwa na maji, na mpaka leo sijui iliishia wapi.

Nilikimbia. Nilikimbia kwa Silas na mikono yenye sabuni, nikamkuta na Mally na wengine wa kamati wanakunywa chai nyepesi kama maji ya mvua, nikawaambia yote kwa pumzi moja, kwamba Pilling anamlipa Dorcas agonge madirisha ili tushukiane na mgomo uvunjike.

Mally akaweka kikombe chini. "Shoga yangu, mimi nakuonea huruma. Lakini ningekuwa mimi ningetunga kitu bora zaidi."

"Nimeona midomo yake, Mally! Wewe mwenyewe umesoma midomo ya Pilling tangu ukiwa mtoto!"

"Nimesoma. Na wewe ni mke wa Jabez."

"Haya!" nikapiga meza, vikombe vikaruka. "Msiniamini! Nani kawaomba mniamini? Mimi nasema kesho alfajiri Dorcas atagonga hapa, dirisha hili hili la Silas Haworth. Lisipogongwa, nileteeni boriti mimi na mume wangu pamoja. Lakini likigongwa, Silas, utawaambia nini watu? Kwamba na wewe ulikuwa matembezini?"

Nilimwona Silas akifikiria usoni kabisa, jinsi mlango wake ungesimamiwa na watu wale wale aliowakusanya yeye. Ningeweza kukaa kimya, mnajua? Ningenyamaza, na kesho boriti ingehama kwangu ikaenda kwake. Nililifikiria hilo nikiwa nakimbia, darajani. Silas naye alilielewa, kwa sababu akasema taratibu, "Kamati yote ikeshe. Mlango kwa mlango. Taa mtu asiwashe."

Jabez sikumwambia chochote. Kwa nini? Kwa sababu kugongwa kulikuwa kumeelezeka, lakini je, vumbi lile jeupe? Pilling anaweza kugonga dirisha la mtu asiye na hatia, na anaweza pia kugonga la mwenye nayo. Nilikuwa na shaka, na sikutaka aione usoni pangu.

Alfajiri ya Jumamosi tulisimama milangoni, tumejibana gizani. Baridi ilikuwa ya kung'ata. Silas alikuwa upande wangu, mlangoni pangu, si kwake. Kwanza akatoka Jabez. Alipita uani kwa nyuma, akaruka ukuta, na tukamwona akishika njia ya kilimani, mgongo umeinama. Mzee Ezra akataka kumfuata; Silas akamshika kola.

"Kiwanda kiko bondeni," akamnong'oneza, ndivyo walivyonisimulia baadaye. "Yule anapanda."

Kisha ufito ukaonekana kwanza, unayumba juu ya paa la nyumba ya kona, na chini yake Bi Dorcas, mdogo, amejikunyata katika shali. Akapita dirisha langu. Akapita la Ezra. Akasimama kwa Haworth, akainua ufito, akakwaruza kioo. Mimi sikusikia kitu, lakini niliona Silas aliyekuwa bega kwa bega nami akitetemeka kana kwamba amekwaruzwa yeye mwenyewe. Dorcas hakungoja. Aligeuka aondoke, akakuta mtaa mzima umemzingira, taa zimewashwa.

Walimshika, jamani. Mally alikuwa wa kwanza, akamvuta shali mpaka ikachanika, na Silas akaunyakua ufito ule akauvunja juu ya goti. Mtu akapiga sufuria. Mwingine akaitika. Boriti ilikuwepo tayari, imeegemezwa kwa Ezra, imeandaliwa kwa ajili ya mume wangu, na watu waliokesha kwa ajili ya boriti hawapendi kurudi ndani bure.

"Mpandisheni!" Mally akasema, na midomo yake ilikuwa mibaya kuitazama.

"Nipandisheni!" Dorcas akawapigia kelele. Kiziwi hajui anavyopaza sauti. Walionisimulia walisema aliamsha mitaa mitatu. "Nipandisheni basi! Siku mlipogoma, nani alinijia akaniambia, bibi, wewe utakula nini? Mkigoma ninyi, na mimi nimegoma? Kamati inagawa mkate kwa wafumaji, kwa wasokotaji, kwa wachambuzi. Mimi nilifika mlangoni kwako, Silas Haworth. Uliniambia mimi si wa kiwanda!"

Silas akawa amesimama na vipande viwili vya ufito mkononi.

"Nilikuambia hivyo," akasema.

"Nimewaamsha baba zenu! Nimemwamsha mama yako, Silas!"

Sufuria zikaanza kushuka moja moja. Mimi nilikuwa na haki kuliko wote ya kumtaka kwenye boriti, na nawaambia kweli, mikono iliniwasha. Bibi yule alikuwa tayari kumwona Jabez wangu amevunjwa nyonga kwa mkate na ndoo ya makaa. Lakini nilimtazama, shali imechanika, nikaona shingo yake ilivyokonda. Nikasema, "Mwacheni aende. Mwenye kosa amelala kitandani kwake bondeni na kofia yake inang'aa." Silas akamwambia Mally, "Leta mkate." Mally akamtolea macho. "Leta mkate, mwanamke!" Akaleta. Dorcas akaupokea bila kushukuru, akapita katikati yetu akaenda zake, na kuanzia siku ile akahesabiwa kwenye mgao.

Watu wakanizunguka wakinishika mabega. Mally akanikumbatia analia, eti msamaha shoga, eti ni njaa tu. Nikamwacha anikumbatie. Akili yangu ilikuwa kilimani.

Kulipopambazuka nikashika njia ile. Nyuma ya kilima, wilaya ya watu wengine ambako hatujulikani, kuna nyumba ya mafukara, na nyuma yake ua mkubwa wenye ukuta mfupi. Nikachungulia. Mle ndani wazee, vichaa wawili watatu, na watu waliochoka na dunia walikuwa wameketi juu ya magunia wakivunja mawe kwa nyundo, kokoto za barabara, malipo yao kipimo cha unga. Mawe ya chokaa, meupe. Ua wote ulikuwa mweupe, watu wenyewe weupe hadi nyusi.

Jabez alikuwa kwenye kona, mbali na wengine. Msokotaji, jamani. Kwetu msokotaji ni mtu wa kuvuliwa kofia. Vidole vyake vinaunga uzi mwembamba kuliko unywele wakati mashine inakwenda mbio, na mikono ile huitunza, hata kuni hapasui. Sasa alikuwa amefunga viganja kwa matambara, na matambara yenyewe yana damu. Angekubali kukalishwa boriti, kutupwa mferejini, kuliko kusema pale pampuni mbele ya watu kwamba anavunja mawe na mafukara.

Nililia nikiwa nimeshika ukuta. Sikumwita. Nilirudi nyumbani nikapika uji wa unga ule, nikampa Betsy, wangu nikamwekea Jabez.

Alirudi jioni na kukuta watu mlangoni. Silas alimwomba radhi mbele ya wote, kofia mkononi, na mzee Ezra akamletea viazi. Jabez akaitikia kila mtu vizuri. Hakuna aliyemuuliza tena alikokuwa, na yeye hakusema. Walipoondoka akakaa kitini, na mara hii akaweka mikono yake juu ya meza, matambara na yote.

"Umeshakwenda kule," akasema.

"Nimekwenda."

Nikachemsha maji, nikamfungua matambara, nikamsafisha malengelenge, na muda wote huo nilikuwa namwambia: kwamba nilimwona Pilling, kwamba nilikimbia, kwamba nilimpigia Silas meza, kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Nilisema sana. Yeye alikuwa ananitazama kwa upole. Nilipomaliza mikono nikapiga magoti nimvue viatu, kama kila jioni.

Akavuta miguu nyuma, chini ya kiti.

"Acha, mke wangu. Nitavua mwenyewe."

"Mikono yako hiyo itavua nini? Lete mguu."

"Tabitha." Akangoja nimtazame midomoni, na akasema polepole ili nisikose hata neno moja. "Juzi uliposogeza mshumaa, nilikuwa macho."

Mgomo ulikwisha baadaye, tukarudi na nusu ya tulichodai. Siku ya kwanza ya kazi nusu ya mtaa ilichelewa ikafungiwa geti, kwa sababu ufito ulikuwa umevunjwa na hakuna aliyekumbuka. Jabez akamtengenezea Dorcas ufito mwingine. Naye hutugongea mpaka leo, na hungoja aone mkono. Mume wangu hajawahi kunitupia neno juu ya jambo lile, wala hajabadilika kwa lolote, ananitania, ananipa kipande kikubwa cha nyama ikiwepo. Ila jioni akirudi hukaa kitini, huinama, na huvua viatu mwenyewe.